Wiski ya Moshi kutoka Islay: Chupa Ipi Inunuliwe Kwanza

Mnunuzi anayesimama mbele ya wiski za kisiwa cha Islay, ambacho wenyeji wa Uskoti hukitamka Aila, mara nyingi huuliza ni ipi yenye moshi mwingi zaidi, na swali hilo humpotosha. Moshi huo hutokana na udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa, kukaushwa na kuchomwa chini ya shayiri iliyochipua ili ikauke, na kiwango cha fenoli, yaani kemikali zinazoleta harufu ya moshi, kinachotajwa na viwanda hupimwa katika kimea hicho, si katika wiski iliyomo chupani. Lagavulin na Caol Ila, viwanda viwili vya Islay, hutumia kimea kutoka kiwanda cha kimea cha Port Ellen kisiwani humo chenye moshi unaokaribiana, lakini wiski ya kwanza ni nzito na ya pili ni nyepesi, kwa kuwa katika mitungi mikubwa ya shaba ya kukenekea ya Caol Ila mvuke hugusana zaidi na shaba.

Chaguo langu la kwanza ni Ardbeg ya miaka 10, yenye kilevi cha asilimia 46, isiyochujwa kwa baridi wala kutiwa rangi. Mimina kidogo katika glasi yenye mdomo mwembamba, iache dakika kumi, kisha inuse ukiwa umefungua kinywa kidogo, maana ukiizamisha pua kilevi kitakuchoma na hutasikia kingine. Kwanza husikika lami na masizi ya jiko la kuni. Ukidondoshea maji matone machache, harufu ya ndimu hujitokeza, na ladha ya pilipili manga hudumu ulimini baada ya kumeza. Wiski ikiingia ukungu kidogo, usihofu, kwani ni mafuta yake ambayo uchujaji wa baridi ungeyaondoa.

Ya pili ni Lagavulin ya miaka 16, yenye utamu wa matunda makavu ndani ya moshi mzito; bei yake pekee ndiyo iliyoinyima nafasi ya kwanza. Caol Ila ya miaka 12 inafuata, nayo ndiyo ningempa asiyewahi kuonja moshi, kwa sababu inakumbusha samaki wa kubanikwa aliyekamuliwa limau. Laphroaig ya miaka 10 ninaiheshimu sana, ila harufu yake ya iodini na bendeji huwagawa watu tangu funda la kwanza, kwa hiyo ionje baa kabla ya kununua chupa nzima. Bowmore ya miaka 12, yenye asilimia 40, ni ya mwisho: ni pole na nzuri, lakini haivumilii maji.

Rangi isikushawishi, kwani sheria ya wiski ya Uskoti inaruhusu kuongeza karameli. Kipimo ninachokiamini zaidi ni glasi tupu isiyooshwa usiku huo. Asubuhi, ile ya Ardbeg au Lagavulin bado hunukia jivu la jiko lililozimwa.