Kadi ya hoteli ya dola 95 kwa mwaka: inakulipa au inakula?

Wadau, habari za saa hizi. Mnanisikia? Upepo wa Kivukoni leo hauna adabu, na feri ya Kigamboni ndiyo hiyo inapiga honi, kwa hiyo mnivumilie. Nimekuja kurekodia hapa makusudi. Jengo mnaloliona begani kwangu ni Hyatt Regency, The Kilimanjaro. Wazee wa mjini wao bado ni Kilimanjaro Hoteli tu, jina la tangu miaka ya 1960, na ukimtajia hivyo dereva wa teksi anakufikisha bila maswali.

Leo sina simu wala sabufa ya kuwachambulia. Nina kadi. Ni kadi ya mkopo ya World of Hyatt, mpango wa wateja wa hoteli za Hyatt, inatolewa na benki ya Chase ya Marekani, ada dola 95 kwa mwaka. Na kabla hamjaanza kuulizana: hapana, ukiwa Sinza huipati. Ni ya wakazi wa Marekani wenye historia ya mikopo ya kule. Sasa inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu kila Desemba mji huu unajaa ndugu zetu wanaotua na kadi za namna hii kwenye pochi, na mmoja wao ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, muuguzi, anakaa Houston. Kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita, ndani yake swali moja tu: mdogo wangu, ada inakaribia, nilipe au nifunge?

Haya, tuifungue. Kila ukitimiza mwaka na kadi unapewa usiku mmoja wa bure kwenye hoteli ya Hyatt. Siyo hoteli yoyote. Hyatt wanapanga hoteli zao kwa makundi, la kwanza la bei nafuu mpaka la nane la ghali, na usiku wako unaishia kundi la nne. Na una miezi 12, ukipita umepita. Mwaka wa kwanza usiku huo hakuna. Unachopata ni pointi za ukaribisho, yaani alama za kulipia vyumba badala ya pesa, ukifikisha matumizi waliyokupangia. Kwa hiyo ada ya kwanza ihesabu kama kiingilio cha mpira. Ni ile ya pili inayotaka akili, maana ukishailipa umenunua usiku mmoja wa hoteli kwa dola 95, na hujui utalala lini wala wapi.

Tuweke kwa shilingi. Dola moja tuifanye 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Ada ni shilingi 237,500. Tuseme chumba siku unayokitaka ni 450,000, na wewe ulishaamua kulala hapo, pesa ilishatengwa. Umeokoa 212,500, safi kabisa. Lakini tuseme bila hiyo kadi ungelala gesti ya 60,000, na ungelala vizuri tu. Hapo watu wanapenda kusema, "nimepata chumba cha laki nne na nusu bure". Bure ipi? Umetoa 237,500 mahali ambapo ungetoa 60,000. Umeongeza 177,500 kwa starehe. Kama starehe uliitaka, poa, ila usiite akiba.

Na kwa mtu wa Dar kuna hesabu nyingine ambayo wachambuzi wa Marekani hawaijui, kwa sababu hawana mama zetu. Dada yangu ana mama Tabata. Jaribu kutua na ndege, upite moja kwa moja mjini ulale hoteli, halafu kesho yake uende Tabata na mabegi. Mwaka juzi alijaribu. Mama mkubwa hakugomba. Alimtengea chai, akamwekea na chapati, kisha akamuuliza kwa upole: "Mwanangu, umekuja kwetu au umekuja kutalii?" Usiku uliobaki wa safari ile hoteli hakuiona tena. Na mwaka uliofuata, usiku wa bure wa kadi nyingine aliyokuwa nayo, ya mtandao wa hoteli ambao sitautaja, ulimfia mikononi. Alikuwa analala chumba kimoja na wapwa watatu na feni, ana furaha, na usiku wake wa hoteli unaisha muda kwenye simu. Ada alishalipa.

Ndiyo maana nilipompigia sikumuuliza habari za pointi. Nilimuuliza, dada, taja usiku. Siyo "nitautumia siku moja", hapana, tarehe. Akafikiri, akasema ndege yake ya kurudi inaondoka alfajiri, na kila mwaka usiku wa mwisho hapati usingizi: wageni wa kuaga hawaishi, dagaa hawajafungwa, mizani ya mabegi inagombaniwa. Usiku ule hata mama mkubwa anamruhusu akapumzike. Huo sasa ni usiku wenye jina. Nikamwambia kabla hujalipa ada fungua programu yao, weka hiyo tarehe, uone kama chumba cha usiku wa bure kipo na kama hoteli iko ndani ya makundi manne. Makundi hupangwa upya kila mwaka, usitegemee ya mwaka jana.

Hayo mengine ni ya juu juu. Kadi inakupa ngazi ya uanachama inayoitwa Discoverist: unaomba kutoka chumbani saa nane mchana, chumba kizuri kidogo kikiwepo, na chupa ya maji kila siku. Chupa ya maji! Ukivuka barabara unainunua kwa buku. Chai ya asubuhi haimo, msije mkashuka mgahawani kwa mbwembwe halafu mkaletewa bili. Usiku wa pili wa bure upo pia, ukitumia dola 15,000 ndani ya mwaka. Kuukimbiza huo kwa kununua vitu usivyovihitaji ni kujitafutia balaa.

Ila kuna kitu kimoja nimekipenda kweli. Kadi hii haikati makato ya kutumia nje ya Marekani. Kadi nyingi za kule hukata kama asilimia 3. Mtu akitumia milioni 2 Dar, hiyo ni 60,000 imebaki mfukoni. Hapa chungeni mashine. Tangu kanuni za Machi 2025, bei ndani ya Tanzania zinatajwa kwa shilingi, lakini mashine ya kadi inaweza kumuuliza mgeni: ulipe kwa shilingi au kwa dola? Bonyeza shilingi. Ukibonyeza dola unakubali kiwango cha kubadilishia cha wenye mashine, na huwa hakikuonei huruma. Na duka lisilo kubwa, uliza kwanza kama wanaongeza asilimia ukilipa kwa kadi.

Riba sitaki hata kuizungumza sana. Kadi hizi zina riba ya zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Ukiacha deni la dola 1,000 mwaka mzima umelipa ada mara mbili na zaidi. Kama humalizi deni kila mwezi, funga video, funga na kadi.

Wenye kadi ya Marriott, mtandao mwingine wa hoteli, ile Boundless, ada ni hiyo hiyo dola 95, na usiku wao unaishia chumba cha bei ya pointi 35,000, ila kikizidi hapo wanaruhusiwa kujazia kiasi kwa pointi zao. Hapo Mtaa wa Azikiwe kuna Four Points by Sheraton, New Africa, ni ya kwao. Kwa Dar peke yake, huo uhuru wa kujazia mimi naupa alama zaidi kuliko chupa za maji za Hyatt.

Dada jana kanitumia picha ya skrini. Chumba kimepatikana, tarehe ile ile ya ndege, kalipa ada. Sasa kazi iliyobaki ni ya kwangu: kubeba mabegi kutoka Tabata mpaka hapa, na dagaa.