Orodha za meli za Philadelphia: juzuu tatu zinazostahili kusomwa kwa subira

Kwa anayetafuta asili ya familia ya Kijerumani iliyohamia Pennsylvania katika karne ya 18, sijaona kitabu cha kuanzia kinachokishinda Pennsylvania German Pioneers, kazi ya Ralph Beaver Strassburger na William John Hinke iliyochapishwa mwaka 1934. Orodha zake zinaanza na William and Sarah, meli iliyotoka Rotterdam na ambayo abiria wake walikula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uingereza huko Philadelphia mwezi Septemba 1727, kisha zinaendelea hadi mwaka 1808.

Juzuu ya pili ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa kuwa saini za walioapishwa zimechapishwa jinsi zilivyo: mmoja ameandika jina lake kwa mwandiko wa Kijerumani uliopindapinda, na mwenzake asiyejua kuandika ameweka alama tu, karani akamwandikia jina kama alivyolisikia. Ndiyo maana Müller huonekana kama Miller, na Schneider kama Snyder. Nilipokuwa nikifuatilia ukoo wa mume wangu, saini moja ilinisahihishia herufi mbili nilizozikosea kwa miezi kadhaa.

Upungufu wake ni mkubwa vilevile. Walioapishwa walikuwa wanaume wa miaka 16 na zaidi, hivyo akina mama na watoto wengi hawamo, jambo linaloniuma kila nifunguapo kurasa hizo. Kijiji cha asili pia hakitajwi kwa kawaida. Itabidi utafute vitabu vya ubatizo vya makanisa ya pande zote mbili za bahari.