Umeambiwa bei gani? Uzoefu wangu wa kununua na kuuza vitu mtandaoni

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Kibanda changu hakiko mbali na Soko Kuu la Chifu Kingalu, na ukiacha vitambaa vya wateja, karibu kila kilichomo ndani nimekinunua kwa mtu niliyemkuta mtandaoni: overloki (mashine ya kukata na kushonea kingo za kitambaa), pasi, kioo kirefu cha wateja kujitazama, hata kiti ninachokalia. Na mimi nimeuza. Nazungumzia yale matangazo ya bure ambayo mtu anapiga picha kitu chake, anaweka bei na namba ya simu, basi. Nimefaidika nayo na nimeumia nayo, na yote mawili nayaandika hapa.

Niliumia mara ya kwanza mwaka 2021. Nilikuwa natafuta overloki iliyotumika, nikaona moja kwa shilingi 350,000. Nyingine za aina ile zilikuwa zinaanzia laki tano na kuendelea. Muuzaji alisema yuko Dar, Mbagala, anahama nyumba, hana pa kuiweka. Maneno yake yalikuwa mazuri, alinipokea kwa “shikamoo dada” kila nilipopiga. Jioni akaniambia kuna watu wawili wako njiani kuja kuichukua, ila kwa kuwa mimi nilitangulia, nimtumie laki na nusu tu ili awaambie imeshauzwa, nyingine nitamalizia mzigo ukifika. Nilipoingiza namba, kabla sijaweka namba ya siri, lilitokea jina la mwanamke. Nikampigia. Akasema ni laini ya mke wake. Nikathibitisha.

Baada ya saa moja akanitumia picha ya stakabadhi ya mzigo wa basi. Kesho yake asubuhi nikaenda stendi ya mabasi ya Msamvu na picha yangu. Dada wa ofisi ya mizigo aliitazama, akafungua daftari, akaniambia kwa upole kwamba namba ile ni ya mzigo uliokwishachukuliwa wiki iliyopita na mwenyewe. Simu ya muuzaji tangu saa ile haipatikani.

Laki na nusu kwa fundi ni sare za shule ngapi? Mwezi ule nilikopa pesa ya kodi ya kibanda.

Kilichoniuma zaidi ni lile jina. Simu iliniuliza kama kweli nataka kumpa mtu yule pesa, nami nikajibu ndiyo. Siku hizi jina lililotokea lisipofanana na la mtu ninayezungumza naye, naishia hapo hapo, hata kama ni mke, mdogo wake au mhasibu wake. Na hata likifanana bado si ushahidi wa kutosha. Tulisajili laini kwa alama za vidole, na tangu tarehe 20 Januari 2020 zile ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa, lakini yapo majina ya watu wasiojua kabisa kwamba kuna laini inatembea kwa vitambulisho vyao. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Fanya leo, na mama yako wa kijijini mfanyie pia, kwa sababu ndiye aliyewekewa kidole mara tatu akiambiwa “hakijasoma vizuri”.

Overloki nilikuja kuipata baadaye, treni ya SGR ilipoanza mwaka 2024. Nauli ya daraja la kawaida kwenda Dar ilikuwa shilingi 13,000, kwenda na kurudi 26,000. Nilipoliona tangazo sikuuliza bei ya mwisho. Niliuliza: naweza kuja kuiona Jumamosi, na umeme upo hapo ilipo? Muuzaji wa kweli hasumbuliwi na swali hilo. Nilibeba mfuko wenye vipande vya jinzi, kitenge na kile kitambaa cha jezi kinachovutika, na nyuzi zangu mwenyewe. Nilishona kama nusu saa. Kwenye jinzi ilikuwa haikati kingo vizuri, nikaifungua mbele ya mwenyewe tukaona kisu kimeisha makali. Akapunguza 40,000. Nauli ikawa imelipika na chenji ikabaki. Tangu hapo nauli ya kwenda kukagua naihesabu ndani ya bei, na kitu kisichostahimili hesabu hiyo sikinunui mbali. Nasubiri cha hapa hapa mjini.

Simu zina mambo yake. Kijana wangu alipoanza chuo nilimtafutia simu iliyotumika, na hatua nilizofuata sizipunguzi hata moja. Unabonyeza *#06#, zinatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, unazilinganisha na zilizo kwenye boksi. Kisha unazituma kwa ujumbe kwenda 15090, unajibiwa ni simu ya kampuni gani na aina gani. Jibu likitaja simu nyingine na si hiyo uliyoshika, rudisha. Wengi wetu tunakumbuka Juni 2016 simu bandia zilivyozimwa nchi nzima, watu wakabaki na vioo tu mkononi. Halafu jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: mwache mwenye simu atoe mwenyewe akaunti yake ya Google au ya Apple, mbele yako, kabla hujalipa. Wa kwanza niliyekutana naye alisema amesahau nywila. Simu ilikuwa nzuri na bei ilikuwa nzuri, ila mtu anayesahau nywila ya simu aliyoitumia miaka miwili huenda hajawahi kuijua. Niliondoka. Niliyenunua kwake alikubali twende kwa mwenyekiti wa mtaa tukaandikiana hati ya mauziano, tukaweka majina, namba za vitambulisho na ile IMEI. Dakika ishirini. Ikitokea siku simu ikaonekana ni ya wizi, karatasi ile ndiyo itakayonisemea.

Nikihamia upande wa kuuza, wengi wanaujua ujumbe wa uongo wa muamala. Mtu anakuja jioni giza limeshaingia, bodaboda inaunguruma nje, anasema “nimeshatuma”, na kweli ujumbe unaingia wenye kiasi, saa na kila kitu. Mimi sisomi ujumbe. Napiga *150*00# ya M-Pesa, natazama salio langu, na mteja anasubiri hata kama mtandao uko chini na yeye ana haraka ya msiba. Sina zaidi la kusema hapo.

Kuna utapeli mwingine ambao sijasikia ukizungumzwa vya kutosha, na ndio ulionifanya niandike.

Mwaka 2023 nilitangaza cherehani yangu ya umeme, ile ya kiwandani yenye meza na mota yake, kwa shilingi 650,000. Siku ya pili akapiga mwanamume, sauti ya mtu mzima. Hakupunguza bei hata shilingi. Akasema yeye yuko safarini Dodoma, atamtuma kijana aje aione, na kijana akiridhika yeye atanilipa papo hapo kwa simu. Kisha akaongeza: “Dada yangu, nakuomba tu usimtajie bei, maana na mimi nimeweka cha juu changu.”

Hapo ndipo nilipofungwa macho. Nani kati yetu hajawahi kusikia ombi hilo? Dalali wa nyumba anakuomba hivyo, dalali wa kiwanja, wa gari, wa mbuzi mnadani. Kumtajia mteja bei ya mwenye mali ni kumnyima dalali riziki yake, na sisi tumelelewa tusikate riziki ya mtu. Nikamjibu bila wasiwasi kwamba hayo ni mambo yenu.

Kijana alifika saa nne asubuhi, katokea Mvomero na pikipiki ya kukodi, na kamba za kufungia mzigo. Nikampa maji. Akakaa kwenye cherehani, akashona, akajua anachokifanya. Alikuwa fundi mwenzangu anayeanza. Alifurahi, na furaha yake ilinipendeza. Akatoka mlangoni, akapiga simu, akarudi anatabasamu: “Tayari dada, nimemaliza naye.” Akaanza kufungua mota.

Nikapiga kuangalia salio. Hakuna kitu. Nikamwambia asubiri, labda mtandao. Akanionyesha simu yake: ametuma 400,000. Jina la aliyepokea mimi silijui, na yeye ndiyo mara ya kwanza kulitazama vizuri. Alikuwa ameambiwa kwamba cherehani ni ya yule bwana, mimi ni dada yake ninayemtunzia, na kwamba asizungumze nami habari ya bei kwa sababu familia ina mgogoro wa mali. Picha alizotumiwa zilikuwa zangu, zilezile za tangazo langu. Kumbe mtu mmoja alikaa katikati yetu, akampa kila mmoja sababu nzuri ya kunyamaza, na sisi tulionyweshana maji tukayatunza maneno yake kama amana.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri. Kijana aliamini tumepanga pamoja. Majirani wakajaa, mmoja akasema mzigo umpe mtoto wa watu, mwingine akasema kijana ndiye mwizi. Tulikwenda kwa mwenyekiti, kisha polisi, tukapewa RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yetu. Pale pale kituoni kijana alipiga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, kuomba pesa izuiwe, akajibiwa imeshatolewa kwa wakala. Hazikuwa zimepita dakika arobaini. Namba ya yule mtu tuliituma kwenda 15040, ambako TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hupokea taarifa za namba za matapeli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015, askari aliyetusikiliza alitueleza vizuri, ila jina lililosajiliwa kwenye ile laini halikutufikisha kwa mtu yeyote.

Cherehani ilibaki kwangu. Yeye aliondoka na kamba zake. Kisheria sikumdai na hakunidai, lakini nimemfikiria mara nyingi kuliko ninavyofikiria ile laki na nusu yangu. Alikaa kibandani kwangu karibu saa nzima. Ningemuuliza neno moja tu, umeambiwa bei gani, angesema laki nne, mimi ningesema laki sita na nusu, na yule mtu asingepata hata senti.

Kwa hiyo sikubali tena ombi la cha juu kwa mtu nisiyemjua kwa sura. Dalali ninayemheshimu ni yule anayekuja na mteja wake, anakaa tukimwona, na mgao wake natoa mimi mwenyewe mkononi baada ya pesa kuingia. Anayetaka mimi na mnunuzi tusisemezane, huyo simpi picha wala anuani. Na mnunuzi namwambia tangu kwenye simu kwamba pesa ya kitu hiki inalipwa hapa kilipo kitu, mbele yangu, kwenye namba nitakayokutajia kwa mdomo wangu, na jina litakalotokea ni langu.

Picha nazo nimebadilisha. Nashona namba yangu ya simu kwa uzi mwekundu kwenye kipande cha kitambaa cheupe, nakiacha chini ya sindano, kisha napiga picha. Anayetaka kuiba tangazo itambidi amweleze mteja kwa nini namba iliyoshonwa si yake.

Sasa, huduma yenyewe naionaje? Kwa kupata vitu ni nzuri mno. Bila matangazo haya nisingekuwa na overloki leo, na wapo mafundi vijijini ambao duka la vifaa liko mbali nao kwa siku nzima. Kwa ulinzi ni dhaifu. Tangazo bandia lenye picha zangu niliwaandikia wenye mtandao waliondoe, likakaa siku nne. Alama ya “amehakikiwa” wanayoweka kwenye baadhi ya majina nisingeitegemea kutuma hata elfu kumi. Nawapa nyota tatu kati ya tano, na nyota ya nne wangeipata kwa jambo dogo: waandike juu ya kila tangazo, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, kwamba muuzaji na mnunuzi watajiane bei wakionana.

Mwezi uliopita nimeuza ile pasi ya zamani. Mama mmoja alikuja na mwanawe, wakasalimia, na kabla sijawapa kiti nikauliza: “Umeambiwa bei gani, na umeambiwa na nani?” Mama akashangaa kidogo. Akasema elfu themanini, ameambiwa na mimi mwenyewe kwenye simu jana jioni. Nikamkaribisha akae.