You'll Never Walk Alone ya Gerry and the Pacemakers: sikiliza ile ya 1963

Ukiutafuta mtandaoni, angalia mwaka kwanza. Ninayoisifia hapa ni rekodi ya 1963, haifiki dakika tatu. Gerry Marsden, mwimbaji wa bendi hiyo, aliuimba tena 1985 na kundi la wasanii lililoitwa The Crowd, kuchangia waathirika wa moto wa uwanja wa Bradford City. Nao ulishika namba moja Uingereza, ila ladha yake ni nyingine kabisa.

Asili yake ni Carousel, tamthilia ya muziki ya watunzi Rodgers na Hammerstein iliyoanza Broadway, New York, 1945. Mle ndani unaimbwa kumliwaza Julie aliyefiwa na mumewe, ndiyo maana waimbaji wa jukwaani huutoa kwa sauti nzito, iliyojaa tangu neno la kwanza. Gerry anaanza chini, karibu na mazungumzo, na lafudhi yake ya Liverpool haifichi. Prodyuza George Martin ameongeza vyombo vya nyuzi, lakini vinamsindikiza mwimbaji bila kumfunika. Kwangu huo ndio uzuri mkubwa wa rekodi hii: nguvu imewekwa akiba.

Sikiliza kwa makini pale penye "walk on, walk on". Tuseme bendi yenu inaupiga kwenye ufunguo (key) wa C. "Walk on" ya kwanza ni kodi (chord, noti zinazopigwa pamoja) ya C, yaani C, E na G. Ya pili, ile G inapanda nusu hatua kuwa G#. Kisha inaingia A, ndani ya kodi ya F. Noti moja tu inatembea, na ndiyo inayokusimamisha nywele. Wapiga gitaa wengi wanairuka hiyo kodi ya katikati, wanatoka C moja kwa moja hadi F, halafu wanashangaa wimbo haupandi.

Kosa lingine ni ufunguo. Mwanzo uko chini, kwa hiyo bendi inaona ni rahisi na kuupandisha. Ikifika mstari wa mwisho mwimbaji anakaba koo. Jaribuni mstari wa mwisho kwanza, ukikaa vizuri ndipo mrudi mwanzo. Na mpiga dramu asiwahi. Mwendo ni wa polepole, kila pigo limegawanyika mara tatu. Akiugeuza kuwa roki ya mapigo manne makavu, hakuna tena pa kupanda. Kumbuka pia kwamba hakuna kiitikio cha kupumzikia katikati: maneno ya jina la wimbo yanafika baada ya mpando mrefu, kisha bendi inarudia kuanzia "walk on" na kumaliza.

Mashabiki wa Liverpool wengi wa Dar, Nairobi na Mombasa wanaujua kwa sauti ya mashabiki wa jukwaa la Kop pale Anfield, uwanja wa timu hiyo. Sauti hiyo ni tamu (bendi ya Pink Floyd waliiingiza kwenye wimbo wao Fearless, 1971), ila uwanja mzima huburuta mwendo, na ile G# haisikiki kabisa.

Usiusikilize kwa spika ya simu, besi ya Les Chadwick, mpiga besi wa bendi, itapotea na nyuzi zitalia kama filimbi. Tumia hedifoni, sauti ya wastani. Ninachokilalamikia ni kimoja tu, nyuzi za mwisho zimezidi sukari kidogo.