Uzoefu wangu na Vouvray ya Champalou

Nianze na bei, maana ndiyo inayoulizwa kwanza: huku Ufaransa chupa moja ya mvinyo huu mweupe naipata kwa chini ya yuro 20. Kwa mfuko wangu si mvinyo wa kila wiki, ila wageni wakija ndio ninaoufungua, na haujaniangusha.

Champalou ni shamba la familia lililoko Vouvray, jirani na mji wa Tours, kwenye bonde la mto Loire. Didier na mkewe Catherine walilianzisha miaka ya 1980, na binti yao Céline naye ameingia kazini. Mvinyo wao mweupe ni wa zabibu aina moja tu, Chenin Blanc. Mimi ni mtu wa Dodoma, na Chenin kwetu ipo. Nilidhani naijua vizuri.

Kumbe wapi! Dodoma jua halina mzaha. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, zabibu inaiva upesi na uchachu wake unapotea mapema. Vouvray wanavuna mara moja tu, na mara nyingi wanasubiri mpaka Oktoba, baridi ikiwa imeshaanza kuingia. Tena si kila mwaka mambo yanakuwa mazuri: Aprili 2021 baridi kali iliunguza machipukizi katika mashamba mengi ya bonde la Loire. Lakini mwaka ukikubali, zabibu inaiva taratibu, sukari inapanda na uchachu unabaki palepale. Ndiyo siri yote ya mvinyo huu.

Rangi yake ni manjano iliyofifia. Harufu ya kwanza ni pea na tufaha la kijani. Ukiupa muda kidogo kwenye glasi inakuja asali, na nyuma yake harufu kama ya jiwe lililonyeshewa mvua. Ladha ya pipa la mbao sikuisikia kabisa, na kwangu hiyo ni sifa. Mdomoni unaanza na utamu mdogo sana, halafu uchachu unaufuta kabla hujauwahi. Wenyewe huuita sec tendre, maana yake ni mkavu (yaani usio mtamu) ulio mlaini, na wamesema kweli. Mke wangu, ambaye mvinyo mkavu humkunja uso, anaunywa. Shemeji yangu asiyetaka kusikia habari ya mvinyo mtamu, naye anaunywa. Kila mmoja anaamini nimenunua kwa ajili yake, nami nimenyamaza.

Usiunywe ukiwa baridi ya kuuma meno. Ukitoka friji tu hauna harufu wala ladha ya maana. Uache mezani robo saa hivi. Na angalia unaponunua. Duka moja, silitaji, liliniuzia chupa iliyokaa dirishani juani: rangi imeshageuka kahawia, harufu ya tufaha lililooza. Hilo ni la muuzaji, aliyeutengeneza hahusiki.

Jambo jingine ni lebo. Jina Vouvray peke yake halikuambii utakutana na nini ndani. Zaidi ya nusu ya mvinyo wa eneo lile ni wa mapovu, na usio na mapovu nao una ngazi zake: sec ni mkavu, demi-sec una utamu kiasi, moelleux ni mtamu hasa. Soma kwanza, ndipo utoe hela.

Kwenye chakula ndipo uliponiteka. Wafaransa wa kule wanaunywa na jibini la mbuzi la Sainte-Maure de Touraine, lile refu lenye kijiti cha bua kimepita katikati, na wanajua wanachofanya. Ila mimi niliuweka na samaki wa kupaka, nazi nzito, ukwaju, pilipili ya kiasi. Uchachu ulikata mafuta ya nazi, ule utamu kidogo ukaipoza pilipili, na sahani ikarudi jikoni nyeupe. Kwa nyama choma sikushauri. Moshi na mafuta ya mbuzi vinaufunika, utajiona umemwaga hela bure. Na kama unapenda mvinyo mzito unaojaza mdomo, huu utauona mwepesi mno.

Ukibaki, rudisha kizibo na uweke friji. Kesho yake asali inasikika zaidi. Mimi huacha kidogo makusudi, ingawa mara nyingi nikienda kuuchukua nakuta shemeji keshapita.