Mafuta ya bangi ya kumeza: uzoefu wangu hapa Hamilton, Ontario

Mafuta yenyewe nayapa nyota 4 kati ya 5. Kile kikaratasi cha maelezo kilichokuja nayo nakipa 1, na hiyo ni kwa huruma.

Naishi Hamilton, Ontario. Kanada ilihalalisha bangi Oktoba 2018, na huku kwetu anayeruhusiwa kununua ni mwenye miaka 19 na kuendelea. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, kuwanyanyua na kuwageuza kitandani, na neva ya mguu wa kushoto huniwaka usiku. Kuvuta siwezi, nina pumu. Nikaenda kwanza kwa mfamasia anayenipa dawa zangu za kila siku, ndipo nikaingia dukani.

Nilichonunua ni chupa ya kahawia ya ml 30, ya dola 40 hivi. Kila ml 1 ina mg 10 za THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, na CBD, ile isiyolevya, karibu kiasi hichohicho, na yamechanganywa na mafuta yanayotokana na nazi. Kizibo unakikandamiza ndipo ukizungushe, ili mtoto asifungue. Ndani kuna kibomba cha plastiki kisicho na sindano, kimechorwa mistari ya ml 0.1. Hicho kibomba ndicho kilichonifanya niipende bidhaa hii, kwa sababu hesabu unaifanya mwenyewe: ukivuta ml 0.25, umepata THC mg 2.5, na ndicho kiwango ambacho Wizara ya Afya ya Kanada inamshauri anayeanza asikizidi. Kwenye lebo utakuta namba mbili za THC. Tazama ile ya jumla.

Muuzaji, kijana mchangamfu sana, aliniambia nitayasikia ndani ya dakika 15. Si kweli kwa kitu cha kumeza. Yanachukua kati ya nusu saa na saa mbili kuanza, kilele chake kinaweza kufika saa ya nne baada ya kumeza, na stimu ikadumu hadi muda wa saa 12. Uchovu wake waweza kuonekana mpaka kesho yake. Mfamasia ndiye aliyenieleza sababu, na maelezo yake yalinifaa kuliko karatasi yote ile.

Ukivuta, THC inatoka mapafuni moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Ukimeza, inapita tumboni, inafyonzwa utumboni, kisha damu inaipeleka kwenye ini kabla ya kufika kwingine. Hapo ini linaikatakata. Inayonusurika na kuingia mwilini ikiwa THC ni kidogo, asilimia 4 hadi 12 hivi. Lakini ini halikuiharibu yote bure: sehemu yake limeigeuza kuwa kitu kingine, 11-hidroksi-THC, ambacho nacho kinalevya na kinapenya vizuri kwenye ubongo. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuvuta anaweza kumeza kidogo akashangaa. Baadaye ini linakibadilisha tena kiwe kisicholevya, na mabaki mengi hutoka kwa choo kikubwa, machache kwa mkojo. Mengine hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole, kwa hiyo kama kazini kwako wanapima mkojo, usidhani siku mbili zinatosha.

Hatari kubwa basi iko katikati ya saa ya kwanza na ya pili, pale unapojisemea "mbona hayafanyi kitu" ukaongeza. Mimi siongezi usiku huohuo, hata kama nasikia sifuri. Aliyezidisha hupigwa na mapigo ya moyo ya kasi, hofu, kutapika, kichwa kuzunguka. Wengi hupita nayo kwa kulala mahali salama na mtu wa kuwaangalia. Kifua kikiuma, au mtu asipoamka vizuri, hapo unapiga 911, namba ya dharura ya huku, bila aibu. Mtoto akionja, piga simu hapohapo, usisubiri dalili.

Chakula nacho kina neno. CBD ikimezwa pamoja na mlo wa mafuta mengi, kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda mara 4 au zaidi kuliko kwa tumbo tupu. Ukila chapati na maharage ya nazi leo, kesho ukameza na njaa, hizo ni dozi mbili tofauti ingawa kibomba kinasema ileile. Mimi nameza saa 2 usiku baada ya kipande cha mkate na parachichi, kila mara hivyohivyo. Usiyatie kwenye chai: yanaelea juu, yananata ukingoni mwa kikombe, na nusu ya dozi unaisuuza kwenye sinki. Ladha ni ya majani makavu yenye uchungu; ndiyo nyota moja niliyoipunguza.

Dawa nyingine ulizeni, jamani. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au dawa za kifafa kama clobazam, ini lake linazivunja kwa vimeng'enya vilevile vinavyovunja mafuta haya, kwa hiyo moja inaweza kupandisha kiwango cha nyingine mwilini. Mjamzito, anayenyonyesha, na aliyewahi kuchanganyikiwa akili, wayaache. Pombe juu yake, hapana.

Faida niliyoipata? Maumivu hayajaondoka, ila hayaniamshi. Kama kesho yake nina zamu simezi kabisa, kwa sababu siwezi kumnyanyua mzee wa watu huku kichwa kimelegea. Gari pia naliacha.

Binamu yangu wa Tanga aliposikia akaandika, "Dada, ukija nibebee kachupa kamoja." Nikamjibu, "Mdogo wangu, unataka nilale rumande?" Kutoka nayo Kanada ni kosa hata ukiwa na risiti, na Tanzania ni kosa lingine juu yake. Chupa inabaki hapa, kwenye kisanduku chenye kufuli juu ya kabati. Ikiisha nitajaribu yenye CBD nyingi na THC ndogo zaidi, nione kama mguu utatulia bila kizunguzungu cha saa 5 usiku.