TAHADHARI: Anayeuza boksi za THC za meza za plazima, msimpe hela

Jamani, nimekaa siku tatu sijui niandike au ninyamaze, maana aibu ninayo. Lakini nikinyamaza, kesho atakuwa kwenye karakana ya mwenzangu. Huyu kijana anayejiita injinia, anayepita Gerezani na Buguruni akiuza THC, yaani boksi la kuipandisha na kuishusha tochi lifuate shiti wakati wa kukata, ni tapeli.

Meza yangu ya plazima, ile mashine inayoendesha tochi ya kukatia chuma, mnaijua, na shida yake mnaijua tangu nilipokata lile geti la Kigamboni. Shiti la milimita 2 likipata moto linapinda: lilipoinuka tochi inaligonga, lilipobonyea moto unarefuka na mkato unatoka mshazari. Nozo, kile kincha cha tochi, tatu kwa siku moja! Ndiyo maana nilikuwa natafuta THC.

Alikuja Jumamosi, vijana wote wapo. Akafunga kishikio kipya cha tochi, akafunga boksi, taa ya kijani ikawaka, namba nyekundu zikasoma 118. Akaweka pleti ya milimita 10. Tochi ikashuka taratibu, ikagusa chuma, tik, ikapanda kama milimita 4, ikatoboa, ikashuka hadi milimita 1.5, ikakata duara safi kabisa. Akainua pleti ileile juu ya vipande vya engo, sentimita 3 nzima. Tochi ikaigusa hukohuko juu, ikakata tena. Vijana wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Kumbe tulichokiona ni kiswichi cha kugusa tu, kimo ndani ya kile kishikio. Kinatafuta kimo cha kuanzia mara moja, basi. Moto ukishawaka, hakuna kinachofuatilia shiti tena.

Msiseme nilikuwa mzembe. Alitumwa na mtu ninayemheshimu, na maelezo yake yalikuwa sahihi. Alisema tochi ikiwa mbali na chuma volti za moto zinapanda, ikisogea zinashuka, na boksi linasoma hizo volti ndipo liipandishe au kuishusha. Akasema kwenye kona meza hupunguza mwendo, volti zinapanda, tochi inaweza kuzama, kwa hiyo pale THC lazima isimamishwe kwanza. Ni kweli yote! Mtu anayejua hayo unamtiliaje shaka? Nikamhesabia 1,900,000 mkononi.

Jumatatu, shiti la milimita 2, hata nusu mita haijafika, tochi ikachimba. Nikampigia. Akasema nozo zimechakaa, zinavuruga volti. Nikanunua mpya. Akasema hewa ya kompresa ina maji. Nikafunga chujio. Akasema klampu ya ethi nimeibana kwenye meza badala ya shiti lenyewe. Nikahamisha. Kila akija, 60,000 ya "ufundi". Na kila alichotaja huwa kinasumbua kweli kwenye plazima, ndivyo alivyonishika. Mara ya nne simu haipatikani mpaka leo.

Juzi kijana wa redio hapa jirani akalifungua boksi. Waya mbili zinazotoka kwenye plazima zimeishia kwenye gundi. Kwenye gundi! Hazijaunganishwa na kitu chochote. Ndani kuna kisaketi cha kuwasha namba tu. Nilishindwa hata kuongea mbele ya vijana wangu, maana hela ile ilikuwa na mishahara yao ndani.

Sasa nakumbuka ile 118 ilikuwa inasoma hata plazima ikiwa imezimwa. Nilimuuliza, akajibu ndiyo volti aliyoiseti, nikanyamaza. Nilipoomba tujaribu shiti jembamba akasema atarudi, ana mteja Tegeta. Pleti ya milimita 10 kwenye duara dogo haipindi, itaonyesha nini? Akija kwako mpe shiti jembamba lililokwisha pinda, akate mita nzima mbele yako, namba zicheze. Risiti pia hakutoa.

Huyu mtu afungwe. Simuombei msamaha na nisiambiwe habari ya kusuluhishana. Arudishe hela yote, na zile 60,000 zote, na nozo, kisha asikanyage karakana ya mtu tena. Mafundi tunakula moshi mchana kutwa ili yeye aje na boksi la gundi?

Atakayemwona amkalishe, amwambie anataka boksi mbili, kisha anipigie. RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ninayo, na askari wa kituo amesema nikimpata alipo tunakwenda naye saa hiyohiyo.